Upindo

Hasira kubwa kuliko zote nilizowahi kuzionyesha nyumbani kwangu ilisababishwa na sketi.

Nilirudi kutoka kazini jioni moja nikamkuta binti yangu, wakati huo yuko darasa la sita, amesimama katikati ya sebule akijizungusha. Mama yake alikuwa amempeleka kwa fundi. Sketi yake ya shule, ya buluu, ilikuwa imeanza kupanda juu ya magoti, na fundi ameufumua upindo akaiteremsha. Chini, mzunguko mzima, palionekana mkanda wa buluu iliyokolea, upana wa vidole vitatu. Juu yake ndiyo ile buluu ya siku zote, iliyochujuka kwa jua na sabuni. Mtoto alikuwa anafurahia: sketi imekua pamoja naye, tena bila kununuliwa.

Nikapiga kelele. Nikasema mwanangu havai nguo ya kufumuliwa maadamu mimi ni hai. Nikamwambia mama yake maneno ambayo sitayarudia hapa. Nikachomoa noti mfukoni, nikazibwaga mezani, nikaamuru kesho asubuhi inunuliwe sketi mpya.

Hakuna aliyejibu. Mke wangu alizikusanya noti moja moja, akazinyoosha kwa kiganja, akaziweka chini ya redio. Binti yangu akaingia chumbani kuvua sketi. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikamwona ameishika mbele yake kwa mikono miwili, anaitazama juu hadi chini, akitafuta doa ambalo inaonekana baba yake ameliona na yeye halioni.

Usiku ule sikulala. Fedha haikuwa tatizo, na sketi haikuwa na kosa. Tena nguo ninazijua: nilizaliwa na fundi cherehani, nikakulia chini ya meza ya cherehani huko Ngamiani, Tanga, nikiokota pini kwa sumaku. Kama kuna mtu aliyepaswa kujua kwamba upindo hukunjwa ili siku moja ufumuliwe, ni mimi. Basi hasira ile ilitoka wapi? Ilikuwa kubwa mno kwa sketi. Hasira iliyozidi kipimo cha jambo lenyewe huwa na jambo jingine nyuma yake, na mwenye hasira ndiye wa mwisho kuambiwa.

Lugha yetu ina akiba nono ya maneno ya kumsifu anayeficha. Mtoto wa kiume akichubuka goti tunamwambia ajikaze kisabuni, ingawa sabuni, ukiiangalia vizuri, hujikaza huku inaisha. Aliyefiwa tunamwambia apige moyo konde. Anayedaiwa kodi ya miezi sita lakini anapita mtaani ananukia marashi, tunasema kwa kicheko kwamba anakufa na tai shingoni. Na wazee wakatuachia kanuni ya kuishi na watu: funika kombe, mwanaharamu apite. Ni hekima nzuri. Si kila anayepita mlangoni anastahili kuona kilichomo. Shida yetu ni moja: mwanaharamu kapita zamani, kafika kwao, kalala, na sisi tungali tumeshikilia kifuniko. Miaka thelathini baadaye hatukumbuki tena tulifunika nini.

Lakini lugha hiyohiyo haikutuacha tulale. Inasema kikulacho ki nguoni mwako. Siku hizi methali hii tunamrushia rafiki msaliti au ndugu aliyetuuza, na sisi wenyewe tunabaki safi. Tena ipo kauli nyingine: nafsi imemsuta. Kusuta, kwa watu wa pwani, ni kumwendea mtu na maneno yake mwenyewe, mbele ya mashahidi, ashindwe kukana. Waliosema kwamba nafsi humsuta mwenyewe walijua kuwa ndani ya mtu mmoja mna aliyesema uongo, mna aliyesikia, na mna anayekuja kubisha hodi saa nane za usiku.

Saa nane za usiku ndiyo saa iliyonikuta macho.

Baba yangu alikuwa na tabia moja ambayo wateja wapya iliwashangaza. Ukimletea nguo hakuitazama kwa nje. Aliigeuza kwanza. Upande wa ndani ndiko mishono iliko, ndiko uzi uliolegea uliko, ndiko fundi aliyetangulia alikoficha uzembe wake. Alipitisha kidole gumba juu ya mshono, polepole, macho yake yako barabarani kwa wapita njia, kidole ndicho kinachosoma. Kisha alitoa hukumu kwa maneno machache. "Hii imeliwa kwapani." "Hii imeshonwa na mtu mwenye haraka." Au, neno ambalo wateja walilipenda kuliko yote: "Hii ina nafasi." Maana yake ni kwamba ndani, pasipoonekana, kuna kitambaa kilichokunjwa na kuachwa, na kwa hiyo nguo inaweza kuongezwa. Nguo isiyo na nafasi aliirudisha kwa mwenyewe kwa upole. Hakuna fundi anayeweza kutoa kitambaa hewani.

Mwaka 1983 nilikuwa darasa la tano. Waliokuwepo wanaukumbuka mwaka ule: sabuni kwa foleni, sukari kwa mgao, na vita dhidi ya wahujumu uchumi vilipoanza, wenye maduka wakawa wanaficha au kutupa mizigo usiku. Mitumba ilikuwa bado haijamwagika masokoni kama ilivyokuja kumwagika biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980. Kaki ya kaptula ikipatikana, ilipatikana leo na usiione tena hadi mwakani. Kwa hiyo baba, aliponishonea kaptula nikiwa darasa la tatu, alikunja upindo wa vidole vinne. Nilipoivaa ilikuwa nzito chini, inanipigapiga mapajani nikikimbia. Nikamlalamikia. Akanijibu, "Hiyo siyo ya mwaka huu."

Miaka miwili ilipopita, magoti na mapaja yangu yakadai haki yao. Baba akaiweka kaptula mezani, akatoa wembe. Ninamwona hata sasa: anaingiza ncha ya wembe chini ya uzi, anakata mshono mmoja, anaacha miwili, anakata mwingine. Kisha anavuta uzi kwa kucha, nao unatoka mzima mzima. Nilimwuliza kwa nini hauvuti wote kwa mpigo. Akasema ukifumua kwa kuvuta, huufumui uzi, unachana kitambaa. Alipomaliza akaikung'uta. Mavumbi ya miaka miwili yakatoka ndani ya mkunjo, na vipande vya majani, na mbegu moja sijui iliingiaje. Kisha kaki ikafunguka: kahawia ya asili, nzito, mpya kabisa, kama ilivyokuwa dukani. Kaptula nyingine yote ilikuwa imekuwa rangi ya chai ya maziwa mengi.

Baba aliitazama akatabasamu. Kwake yeye ule mkanda ulikuwa ushahidi wa kazi nzuri.

Shuleni waliniita Ghorofa. Kaptula ina ghorofa mbili, walisema, na mwenye nyumba amekodisha ya juu. Ghorofa, umepanda ngazi leo? Ghorofa, chini nani anakaa? Nilicheka nao, kwa sababu ndivyo anavyofanya mtoto asiye na pa kukimbilia. Nilijifunza kukaa na begi mapajani. Nilijifunza kutembea nyuma ya wengine.

Hadi hapa hadithi hii ningeweza kuisimulia popote. Nimewahi kuisimulia, hata, kwenye harusi, watu wakavunjika mbavu. Kilichokuwa ndani ya mkunjo ni kingine.

Siku moja wakati wa mapumziko baba alikuja shuleni kuleta suruali ya mwalimu aliyokuwa ameipunguza kiuno. Futi ya kupimia ilikuwa inaning'inia shingoni, kama kawaida yake. Alikuwa anaisahau hapo hata akienda sokoni. Tulikuwa tumesimama kundi la wavulana chini ya mti. Mmoja wao, mgeni aliyehamia kutoka mji mwingine, akauliza: "Yule mzee ni nani?" Wengine wakanitazama mimi. Nikasema: "Fundi tu. Huwa anatushonea."

Baba alikuwa amefika hatua nne au tano kutoka tulipo. Hakugeuka. Aliendelea hadi ofisi ya walimu, akatoa suruali, akarudi kwa njia nyingine, ile ya nyuma ya vyoo.

Kama alisikia, sijui. Jioni ile alikaa kwenye cherehani kama siku zote. Aliniita nimtungie uzi sindanoni, maana macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Nikamtungia. Hatukuzungumza lolote juu ya siku ile, si siku ile wala nyingine yoyote, mpaka alipofariki mwaka 1999.

Nilikuwepo wakati wa kumkafini. Bafta ilikatwa kwa mkasi wake mwenyewe, nami nikashika ncha moja. Jicho la mtoto wa fundi halina heshima ya mahali. Likateremka lenyewe hadi kwenye ukingo wa kitambaa, likautafuta upindo, na halikuuona. Nyuzi zilikuwa zinaning'inia tu zilipokatwa. Sanda haipindwi. Niliona hivyo, nikaendelea na kazi. Sikulia siku ile, wala siku za khitma, wala arobaini. Watu wakanisifu kwa kujikaza. Mzee mmoja alinishika bega akasema, "Mwanamume huyu." Nami nikaamini kwamba ukavu wa macho yangu ulikuwa ushujaa.

Ndiyo maana miaka mingi baadaye, nilipoona mkanda wa buluu kwenye sketi ya binti yangu, sikumwona binti yangu. Niliona kaptula ya kaki, na mti, na mzee mwenye futi shingoni anapita hatua nne kutoka kwangu.

Euphrase Kezilahabi aliliona jambo hili mapema. Katika Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza iliyotoka mwaka 1971, Zakaria anamchapa binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Fimbo haiondoi kitu ndani ya Rosa. Inakisukuma chini tu. Msichana anapokwenda mbali na macho ya baba, kilichosukumwa kinapanda juu, na kinapanda bila adabu kwa sababu hakikuwahi kulelewa na mtu. Kitabu kikapigwa marufuku shuleni kwa muda, jambo ambalo lilithibitisha hoja ya mwandishi kuliko mhakiki yeyote.

Mwanasaikolojia wa Uswisi, Carl Gustav Jung, aliliita eneo hili la nafsi kivuli. Kwake, kivuli ni yote tuliyoyakataa ndani yetu ili tukubalike: wivu, uchoyo na hasira, lakini pia upole, kipaji na uchangamfu ambavyo nyumbani kwetu havikuwa na soko. Tusivyovitambua hatuvipotezi. Tunavitupa kwa wengine, kisha tunawachukia kwa kuwa navyo. Neno lake limezoeleka duniani, na huko kwao lina ubaridi na kiza. Masikioni mwa Mswahili lina sauti nyingine. Kivuli kwetu ni kile kinachokufuata barabarani, ndiyo, lakini pia ni kile unachokitafuta chini ya mwembe saa saba mchana. Mtu aliyechoka tunamwambia: njoo ukae kivulini. Pengine lugha ilijua kitu ambacho mtaalamu alihitaji vitabu vingi kukifikia, kwamba mahali pasipofikiwa na jua ndani ya mtu si lazima pawe pa kuogopwa. Upindo wa kaptula yangu ulibaki na rangi yake ya asili kwa sababu hiyohiyo, kwamba haukuonja jua.

Jung mwenyewe alifika kwetu. Mwishoni mwa mwaka 1925 alishuka Mombasa, akapanda treni kwenda Nairobi, kisha akaenda kukaa miteremko ya Mlima Elgon, akizungumza na wenyeji kwa Kiswahili cha kuungaunga na kamusi ndogo mkononi. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, zinasimulia mambo mawili ambayo siwezi kuyasahau. La kwanza ni mzee mmoja wa huko, mtabiri, aliyemwambia huku machozi yanamlengalenga kwamba tangu Wazungu waingie nchini ndoto zimekoma. Zamani wazee waliota wakajua habari za vita, maradhi na mvua, sasa Waingereza ndio wanaojua kila kitu. La pili ni ndoto ya Jung mwenyewe. Katika safari nzima aliota mtu mweusi mmoja tu, naye hakuwa wa Elgon. Alikuwa kinyozi wake wa zamani huko Chattanooga, Marekani, aliyeshika chuma cha moto anataka kumsokota nywele ziwe kama za Mwafrika. Aliamka kwa hofu, akaisoma ndoto kuwa onyo: Afrika inataka kummeza.

Ninaisoma sehemu hiyo kwa kicheko na kwa uchungu. Mtu aliyeufundisha ulimwengu kwamba tunawatupia wengine kilicho chetu alikuja kwa watu wenye ng'ombe, wakwe na kodi ya kichwa, akawatazama akaona sehemu iliyofichika ya nafsi yake. Mzee analia mbele yake kwa sababu ya utawala uliomnyang'anya kazi na heshima, naye mgeni anakusanya habari za ndoto. Kujichungua kusikokuwa na macho kwa mwenzio hugeuka kioo kingine tu. Lakini nani nimcheke? Mimi nilimwona mtoto wa darasa la sita akifurahia sketi, nikamvika kaptula yangu.

Basi mtu afumue vipi?

Baada ya usiku ule nilianza kwa kuandika, kwa sababu kusema nilikuwa siwezi. Nilikuwa nimesoma habari za jaribio moja la mwaka 1986, la Wamarekani wawili, James Pennebaker na Sandra Beall. Waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu waandike dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Baadhi yao waliandika mambo yasiyo na uzito. Wengine waliandika jambo lililowaumiza kuliko yote maishani. Walioandika tukio pamoja na walivyohisi walitoka pale na huzuni zaidi kuliko walivyoingia. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwenye zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti nyingi zimefuata. Zinaonyesha kwamba faida ipo, ingawa si kubwa. Nilipenda ukweli huo wa kiasi. Anayekuahidi kwamba utajigeuza mtu mpya kwa siku nne anakuuzia nguo isiyo na nafasi.

Nikachukua daftari la kurasa 80, nikakaa jikoni watu walipolala. Usiku wa kwanza niliandika juu ya mwaka 1983, foleni na mgao; maandishi mazuri, yangefaa gazetini. Usiku wa pili niliandika jina la Ghorofa na wote walioniita hivyo. Nilikuwa ninawasuta wengine bado. Usiku wa tatu niliandika maneno manne niliyoyasema chini ya mti, nayo yalitosha. Kalamu ilisimama, nami nikalia kwa sauti ambayo sikuijua, mbele ya sufuria na ndoo, miaka mingi baada ya mazishi. Mke wangu alikuja mlangoni, akanitazama, akarudi. Asubuhi hakuniuliza kitu. Aliniwekea chai yenye tangawizi nyingi.

Nilichokikuta chini ya maneno yale kilinishangaza. Nilikuwa nimetegemea kukuta aibu, na aibu ilikuwepo. Lakini aibu ilikuwa uzi tu. Kitambaa kilichokunjwa ndani yake kilikuwa mapenzi. Nilimpenda mzee yule. Nilipenda mlio wa cherehani yake, harufu ya pasi ya mkaa juu ya kitambaa kilicholowa, kidole gumba chake juu ya mshono. Nilikuwa nimependa hata kushona; nikiwa na miaka tisa niliweza kushona tundu la kifungo bila kusaidiwa. Yote hayo niliyakunja siku moja ndani ya maneno manne, nikayapiga mshono, na kwa miaka mingi nikawa mtu asiyeweza kushika sindano, asiyependa watu wa mikono, mkali kwa watoto wake pale hasa wanapofurahi kwa kitu kidogo.

Nimejifunza mambo mawili juu ya kazi hii, na yote mawili baba alikuwa ameyasema akizungumzia kaki.

La kwanza ni mwendo. Kuna watu wanaojifumua kwa kuvuta: wanataka usiku mmoja wa kilio, au maneno makali kwa mzazi mzee mbele ya ukoo mzima wakati wa sikukuu, kisha wanashangaa kitambaa kimechanika. Kuna vidonda ambavyo mtu hafai kuvigusa peke yake kabisa: aliyebakwa, aliyeona vita, aliyepigwa utoto mzima, anayesikia usiku sauti ya kumwambia ajiue. Huyo anahitaji mtu aliyesomea kazi hiyo, kama vile jino bovu lisivyong'olewa na mwenye jino. Neno ushauri nasaha tumelizoea tangu kampeni za kupima UKIMWI, lakini bado mtu akisema anakwenda kumwona mshauri, wenzake wanamuuliza kwa utani kama basi la kwenda Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, linaondoka saa ngapi. Utani huo umewaua watu waliokuwa wanajikaza kisabuni.

La pili ni nani aonyeshwe. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, nasi tunaitumia methali hiyo kumhimiza kila mtu aseme kila kitu. Lakini haikusema anayetembea uchi ndiye azaaye. Mzazi humwonyesha mkunga, si soko. Siku hizi wapo wanaoyamwaga ya ndani yao mitandaoni yangali mabichi, wakihesabu waliopenda na waliocheka, na jioni wanabaki wapweke kuliko asubuhi. Siri iliyoniuma miaka yote ilihitaji masikio mawili au manne. La muhimu ni yawe masikio yanayohusika.

Yaliyohusika yalikuwa ya binti yangu. Jumapili iliyofuata nilimwita kibarazani, nikamwambia, "Mwanangu, siku ile ya sketi nilikukosea. Sikuwa na hasira nawe." Nikamsimulia yote, kuanzia Ghorofa hadi mti hadi babu yake, ambaye hakuwahi kumwona, anavyopita njia ya nyuma ya vyoo. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi yake, au kwa kunihukumu. Alisikiliza hadi mwisho, akafikiri, kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kujiuliza:

"Sasa baba, ile kaptula ilikutosha mpaka lini?"

Nikahesabu. "Mpaka darasa la saba."

"Ilikuwa nzuri basi," akasema, akainuka kwenda kucheza.

Sketi mpya haikununuliwa. Aliivaa ile yenye mkanda, na kama walimwita jina shuleni hakuniambia, au hakujali. Zile noti zilikaa chini ya redio wiki nzima, kisha zikanunua mchele.

Sijawa malaika. Bado nina siku ninazopandisha sauti, na bado kuna mikunjo ambayo kidole changu kinapita juu yake haraka. Lakini nimeacha kuutarajia uponyaji usio na alama. Nguo iliyoteremshwa upindo huonekana kwamba imeteremshwa. Rangi mbili zitakaa pamoja kwa muda mrefu, na zitafanana polepole, kwa jua na kwa kufuliwa. Anayetaka kukua bila mstari kuonekana itambidi abaki na kaptula ya darasa la tatu.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapokasirika kupita kipimo cha jambo lenyewe, usiihukumu sketi ya mtu. Geuza ya kwako. Pitisha kidole gumba juu ya mshono, polepole, na unapokuta pazito pana nafasi hapo. Tafuta wembe na mtu wa kukaa naye, ufumue uzi mmoja mmoja. Fanya hivyo nguo ingali mwilini mwako. Ile ya mwisho tutavishwa sote, na hiyo mimi nimeishika kwa mikono yangu nikaitazama ukingo hadi ukingo: haina upindo.